Je, Kitabu cha Werther Kichomwe?



Jumamosi moja ya mwezi uliopita alitujia mzee mmoja wa Majengo, hapa mjini Dodoma, Mkristo wa siku nyingi ambaye ana cherehani yake kando ya soko. Mkononi alishika kitu kilichofungwa katika gazeti, nasi kwa mazoea yetu tukadhani ametuletea makala. Alipofungua, tuliona kitabu chembamba cha Kiingereza, jalada lake limechakaa. Alikikuta chini ya mto wa mwanawe. Kijana huyo amemaliza kidato cha sita, na tangu msichana aliyempenda alipoposwa na mwingine amekuwa mtu wa maneno machache. Hula kidogo, hulala mchana, na usiku taa yake haizimwi. Mwalimu jirani alipokiona kitabu alimwambia mzee kwamba ni habari ya kijana wa Kijerumani aliyejiua kwa ajili ya mapenzi. Mzee hajui Kiingereza. Akatuuliza swali moja tu: "Padre, nikichome?"

Hatukuthubutu kumjibu palepale. Tulimwomba akirudishe kitabu mahali pake, akae karibu na mwanawe, naye aje tena Jumatatu. Kisha tukaitafuta nakala yetu, ile tuliyoisoma tulipokuwa seminari kuu, tukaisoma upya usiku huo mpaka majogoo.

Kitabu chenyewe huitwa Mateso ya Kijana Werther. Mtungaji wake ni Johann Wolfgang Goethe, nacho kilitolewa mjini Leipzig mwaka 1774, wakati Goethe ana umri wa miaka 25. Hadithi ni nyepesi kusimulia. Kijana mwenye elimu na kipaji cha kuchora aondoka kwao, afika katika mji mdogo, na huko akutana na Lotte, binti aliyefiwa na mama na sasa awalea wadogo zake. Mara ya kwanza amkuta amezungukwa na watoto hao, akiwakatia mkate kila mmoja kwa kadiri ya umri wake, na moyo wake wote wamwendea. Lakini Lotte amekwisha kuahidiwa kwa Albert, ambaye ni mtu mwema, wala si mjeuri wa hadithi. Werther ajaribu kwenda mbali, arudi, na mwezi wa Desemba 1772 ajitoa uhai. Karibu mambo yote haya twayajua kwa barua alizomwandikia rafiki yake aitwaye Wilhelm.

Watu waliokisoma mara ya kwanza walishikwa kama kwa homa. Vijana walijishonea koti la buluu na kizibao cha njano kama mavazi ya Werther. Mwaka 1775 wakuu wa mji wa Leipzig walipiga marufuku kuuzwa kwake. Napoleon alikichukua katika safari zake za vita, naye alipoonana na Goethe mjini Erfurt mwaka 1808 alizungumza naye habari zake kama mtu aliyekichunguza sana. Goethe mwenyewe alipokuwa mzee alisimulia kwamba tafsiri ya Kitaliano ilipofika Milano, askofu aliwatuma mapadre wake wakanunua nakala zote, na kitabu kikatoweka mjini kimyakimya. Hakukasirika, alimsifu askofu kuwa mtu mwerevu. Sisi hatuna fedha za kumwiga askofu huyo, na hata tungekuwa nazo, siku hizi kitabu hiki chapatikana bure katika simu ya kijana yeyote. Basi swali la mzee wetu halimalizwi kwa kiberiti. Hatuna budi kuuliza kwanza kitu gani kinachowavuta watu namna hii.

Si hadithi yenyewe. Kijana kumpenda mwenye mchumba wake ni jambo linalotokea Majengo kila mwaka, wala halijaandikiwa kitabu. Kinachovuta ni barua.

Sisi tuna desturi yetu ya barua. Wazee wa Ugogo watakumbuka siku ambazo ndugu walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na habari zao zililetwa na reli ile ambayo Wajerumani waliifikisha Dodoma mwaka 1910. Barua ikifika kijijini ilikuwa ya watu wote. Aliitwa mtoto wa shule akae katikati, asome kwa sauti, na bibi kizee asiyesikia vizuri arudishiwe. Na barua yenyewe ilikuwa na adabu zake. Ilianza kwa salamu nyingi, ikamtaja baba, mama, shangazi na majirani mmoja mmoja. Kisha mwandishi alisema kwamba yeye hajambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yake. Ndipo ilipokuja "ama baada ya salamu", na haja yake ikafuata. Hata mwenye kilio ilimpasa apite katika mlango huo. Kabla hajafika kwenye msiba wake amekwisha kuwakumbuka watu kumi wanaomhusu, nao wanaomsikiliza watalia pamoja naye, maana wamekaa mkeka mmoja.

Barua za Werther hazina mlango huo. Za mwanzo zingali zamtaja mama yake na shughuli ya urithi, lakini kadiri kurasa zinavyokwenda salamu zaisha, watu waisha, hata mashamba na miti aliyoipenda yageuka giza, yabaki mawimbi ya moyo mmoja. Nani asiyevutwa na hayo? Kila mtu ana jambo asilolisema mbele ya mkeka mzima. Kijana aliyefundishwa tangu utoto kwamba mwanamume halii, akikutana na mtu alialiaye waziwazi na kwa maneno mazuri kuliko yake, aona amepata ndugu. Hatusemi kwamba kuona hivyo ni dhambi. Ni njaa ya kusikilizwa, na njaa si dhambi.

Lakini ziko barua nyingine ambazo hatuzioni. Katika kitabu kizima hakuna jibu hata moja la Wilhelm. Twajua kwamba alijibu, kwa sababu Werther hubishana naye. Mahali pamoja twafahamu kwamba Wilhelm amempa shauri la mtu mwenye akili: ama una tumaini la kumpata Lotte, ama huna; kama unalo lifuate, kama huna jikaze uondoke. Werther amshukuru kwa shauri hilo, na kulitupa. Kwa hiyo msomaji hujikuta ameketi katika kiti cha Wilhelm. Barua zamjia yeye. Yeye ndiye aambiwaye siri, yeye ndiye aitwaye rafiki, na hana njia ya kujibu. Kwa maoni yetu hapo ndipo ilipo nguvu ya kitabu hiki, na hapo ndipo ilipo hatari yake kwa kijana akisomaye peke yake chini ya blanketi: kwamba aanza katika kiti cha Wilhelm, na usiku fulani ahamia cha Werther bila mtu kumwona.

Nchini kwetu kiko kitabu cha jamaa moja na hicho, ijapokuwa hakikuandikwa kwa barua. Marehemu Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, ambaye alilelewa katika seminari ya Nyegezi, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Kitabu hicho nacho kilizuiwa shuleni kwa muda, baadaye kikaruhusiwa. Na wengi waliokizuia walitazama mwisho wake, ambapo Rosa ajiua, wakausahau mwanzo. Mwanzoni ipo barua. Kijana Charles amemwandikia Rosa na kutia fedha ndani yake; baba yake, Zakaria, aikamata barua, ampiga binti yake vibaya, na fedha zile azitwaa akanywee pombe. Tangu siku hiyo Rosa ajifunza kuwaogopa wavulana na kuficha moyo, na afikapo mahali pasipo na fimbo ya baba hajui kujiongoza. Msomaji mzazi ajiulize: je, barua ile ilikuwa na sumu kuliko fimbo iliyoijibu?

Hata hivyo tusiwe wepesi upande wa pili, tukasema kwamba vitabu ni karatasi tu. Mwezi wa Januari 1778, msichana Christel von Lassberg alizama katika mto Ilm huko Weimar, karibu na nyumba ya Goethe, na ilisemekana kwamba alikuwa na nakala ya Werther. Miaka 200 baada ya kitabu kutoka, yaani mwaka 1974, mwanazuoni wa Marekani David Phillips alichunguza takwimu akaona kwamba baada ya magazeti kutangaza kwa vishindo kifo cha namna hiyo, vifo vya jinsi hiyo viliongezeka. Akauita mwendo huo kwa jina la Werther. Hilo latuhusu sisi wenye magazeti kabla ya kuwahusu watunga riwaya. Mwaka 2010 wachunguzi wa Vienna walionyesha upande wa pili: habari za watu waliofika ukingoni, wakasaidiwa na kurudi, zilifuatana na kupungua kwa vifo. Basi neno lililoandikwa lina mkono. Laweza kusukuma na laweza kuvuta.

Na Goethe? Yeye mwenyewe mwaka 1772 alimpenda Charlotte Buff wa Wetzlar, mchumba wa rafiki yake Kestner, akaondoka mjini bila kuaga. Majuma machache baadaye kijana mwingine wa Wetzlar aitwaye Jerusalem, aliyempenda mke wa mtu, alijiua kwa bastola aliyoiazima kwa huyo huyo Kestner. Goethe aliziunganisha habari hizo mbili, akaandika kwa muda wa kama majuma manne, na baadaye alisema kwamba alipomaliza alijisikia mwepesi na huru kama mtu aliyetoka katika maungamo ya maisha yake yote. Ajabu kwamba asiyekuwa Mkatoliki alichagua mfano huo! Aliishi mpaka mwaka 1832, mzee wa miaka 82. Aliyeyasema yote alipona. Walakini alisikitika kwamba wapo waliokisoma kama agizo, na katika chapa ya mwaka 1775 alitia beti za kumwonya msomaji asimfuate Werther.

Sasa tufike kwenye barua ambayo ilitukosesha usingizi. Ni ya tarehe 20 Desemba. Wilhelm amekwisha kutambua kwamba mambo si mema, naye amejitolea kuja kumchukua rafiki yake. Werther amjibu kwa upole. Amshukuru, akubali kwamba ni heri aondoke, afurahi kwamba Wilhelm atakuja, ila amwomba akawie majuma mawili, angoje barua nyingine. Ni barua ya utulivu, karibu ya furaha. Wilhelm alingoja. Siku tatu baadaye Werther alikuwa maiti. Na katika siku hizo tatu alituma kijana wake kwa Albert kuazima bastola kwa kisingizio cha safari. Albert aliruhusu kwa utulivu, na Lotte, mikono ikimtetemeka, alizitwaa ukutani, akazifuta vumbi, akazitoa. Alishuku. Hakusema neno.

Hapa naomba ruhusa niache kusema "sisi", kwa maana jambo hili ni langu peke yangu. Miaka michache iliyopita, nilipokuwa paroko msaidizi katika parokia ambayo sitaitaja, kijana mmoja alizoea kuniandikia usiku kwa simu. Aliandika kwa kirefu, nami nilimjibu nilivyoweza, mara nyingine baada ya siku mbili. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa mfupi na wenye adabu kuliko zote. Alisema sasa ana nafuu. Akaniomba nisisumbuke kwenda kwao katika Juma Kuu kwa kuwa nina kazi nyingi. Atakuja mwenyewe baada ya Pasaka. Nilifurahi. Nakiri kwamba nilifurahi zaidi kwa sababu ya zile kazi. Jumatano baada ya Pasaka nilipopita kwao nilikuta turubai limefungwa uani na wanaume wamekaa kimya kwenye viti.

Goethe amaliza kitabu chake kwa kutuambia kwamba mafundi na vibarua walilibeba jeneza, na hapakuwa na mtu wa Kanisa aliyelisindikiza. Mimi nilisindikiza. Mzee mmoja wa ukoo alinivuta kando, akaniuliza kwa wasiwasi kama imeruhusiwa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kanisa waliojiua kwa kusudi. Sheria ya mwaka 1983 haiwataji tena, na Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha kwamba maradhi mazito ya roho na hofu kuu hupunguza lawama ya mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Nilimweleza hayo yote vizuri, kama nilivyofundishwa. Nilipokuwa nikieleza nilijua kwamba nimefika na elimu yangu siku nne baada ya wakati wake.

Tangu hapo nimezisoma nyaraka za Mtakatifu Paulo kwa macho mengine. Hizo nazo ni barua ambazo majibu yake hatuna, nasi huzisikia kila Jumapili. Katika ule wa pili kwa Wakorinto, Mtume akiri kwamba huko Asia walilemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi. Mtu mkubwa kama huyo! Na mbele kidogo asema jinsi Mungu alivyomfariji: kwa kuja kwake Tito. Tito aliingia mlangoni. Kadhalika Mariama Bâ wa Senegali, katika kitabu kilichotoka mwaka 1979 ambacho kwa Kiswahili huitwa Barua Ndefu Kama Hii, amweka mjane Ramatoulaye amwandikie rafiki yake Aissatou maumivu yake yote. Hapo pia hatusomi majibu. Lakini Aissatou ni mtu aliyepata kumnunulia rafiki yake gari ili asihangaike na mabasi, na kitabu chaisha Aissatou yu karibu kufika. Ramatoulaye hafi.

Tofauti kati ya vitabu hivyo viwili haimo katika ukubwa wa msiba, maana mwanamke huyo ameachwa na mume baada ya miaka mingi na watoto kumi na wawili, na Werther hajapoteza kitu alichopata kuwa nacho. Imo katika umbali wa rafiki.

Na sisi wa Dodoma tuna neno la kujilaumu. Hospitali ya Mirembe iko kwetu, hospitali ambayo taifa zima huitegemea kwa maradhi ya akili, nasi tumeigeuza mzaha wa barazani. Mtu akisema jambo lisiloeleweka twamwambia apelekwe Mirembe, na watu hucheka. Kijana anayesikia kicheko hicho tangu utoto, siku atakapoumwa roho atakwenda wapi? Atakwenda chini ya mto wake.

Mzee wetu alirudi Jumatatu kama alivyoahidi. Tulimwambia asikichome. Tulimwambia pia asimwachie kijana akisome peke yake, bali amwendee jioni na kusema kweli iliyo wazi: mwanangu, nimekiona kitabu chako, mimi Kizungu sijui, nisomee. Mzee alicheka kidogo. Akatusimulia kwamba alipokuwa mtoto kijijini karibu na Bihawana, yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa barua za bibi yake. Siku moja ililetwa barua ya kifo cha mjomba. Alipoona maneno hayo kwa chini aliogopa, akazisoma salamu mara mbili, na bibi akatambua. Tukakubaliana pia kwamba atakwenda na mwanawe kuonana na daktari, wala hatamtuma aende peke yake.

Juzi tulimwona tena, katika cherehani yake. Husoma kila usiku baada ya chakula, barua mbili au tatu, kijana akifasiri na mama akiwa na kazi yake ya mkono. Mzee hampendi Werther. Auliza kila mara kijana huyu mbona hana kazi, na mwanawe humtetea kwa maneno mengi, ambayo kwa sasa ndiyo maneno mengi zaidi yasemwayo katika nyumba ile. Wamefika mahali Werther amepata kazi kwa balozi na kuanza kugombana naye. Daktari wamemwona mara moja, watarudi mwezi ujao. Alipokuwa akitusindikiza mzee alisimama, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akauliza kama tunajua huyo Wilhelm alikuwa akikaa mwendo wa siku ngapi kutoka pale.